Injini ya dizeli ikikataa kuwaka: mambo ya kuangalia kabla ya kumwita fundi

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Inataka vitu vitatu tu: izungushwe kwa kasi ya kutosha, mafuta safi yafike kwenye nozeli, na hewa ibanwe sawasawa ndani ya silinda. Hewa hiyo hubanwa hadi joto lake hupita nyuzi 500, na dizeli ikipulizwa humo hujiwakia yenyewe. Kikikosekana kimoja katika hivyo vitatu haiwaki, hata uibembeleze vipi.

Nawaandikia hasa wenye mashua za injini za ndani, zinazobeba abiria na samaki kati ya Lamu, Faza na Kiunga, ingawa mwenye pampu ya maji shambani atayaona mengi yanamhusu. Injini ikigoma gatini ni usumbufu. Ikizima ndani ya Mkanda maji yanapokupwa, au nje ya miamba wakati wa Kusi, na ndani ya chombo mna mgonjwa anayepelekwa hospitali, hayo ni mengine. Kwa hivyo kazi ya kwanza haiko kwenye injini. Tia nanga. Nimewaona mabaharia wakiinama wote watatu juu ya injini huku chombo kinasukumwa mwambani.

Nanga ikishashika, angalia waya wa kuzimia. Usicheke. Waya huu huliwa na kutu kwa sababu ya chumvi, ukabaki umenasa pale ulipovutwa jana jioni, na injini itazunguka mchana kutwa bila kupata tone. Sukuma kwa mkono ile wenzo iliyo kwenye pampu mpaka urudi mahali pake.

Kisha jiulize: injini inazunguka au haizunguki? Ikiwa stata inalia "tak" moja halafu kimya, shughulika na umeme kwanza. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama 12.6 ikiwa imepumzika. Ikishuka chini ya 10 unapopiga stata, imechoka, au nyaya zake hazishiki. Hapa kwetu mara nyingi ni vichwa vya betri vilivyoota ule ukungu mweupe au wa kijani. Fungua, kwangua mpaka uone chuma king'aavyo, kaza, paka grisi. Usisahau ule waya mnene unaofungwa kwenye mwili wa injini. Wengi husafisha betri upande huu na kuuacha waya ule umeoza upande wa pili.

Ikiwa inazunguka vizuri lakini haiwaki, tazama ekzosi. Moshi mweupe una maana mafuta yanafika ila hayawaki. Bila moshi wowote, mafuta hayafiki. Hapo acha kupiga stata, usije ukaimaliza betri utakayoihitaji baadaye. Pia injini inayopozwa kwa maji ya bahari yanayotokea kwenye ekzosi ina hatari yake: ukiizungusha muda mrefu bila kuwaka, maji hujaa kwenye ekzosi na yanaweza kurudi ndani ya silinda. Maji hayabanwi, kwa hivyo kinachopinda ni chuma. Funga koki ya maji ya bahari unapohangaika, na uifungue mara tu injini inapowaka.

Mafuta kutofika, kwa niliyoyaona miaka yote hii, karibu kila mara ni hewa, maji au uchafu. Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini ya tangi, na bahari ikichafuka yote huvurugika na kuvutwa. Fungua koki iliyo chini ya filta, kinga kwa chupa safi ya plastiki, uache itulie: maji utayaona chini. Endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu. Ukikuta utelezi mweusi kama kamasi, huo ni uchafu unaoota pale maji na dizeli vinapokutana, na filta hiyo haisafishiki tena. Weka mpya. Fungua pia kifuniko cha tangi. Ukisikia linavuta pumzi, tundu lake la hewa limeziba.

Kutoa hewa ni kazi ambayo kila nahodha angepaswa kuijua kama anavyojua kufunga fundo. Unafuata njia ya mafuta kutoka kwenye tangi. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, kisha piga kwa mkono kijiti cha pampu ndogo inayovuta mafuta. Kijiti kikiwa kimelegea hakina nguvu, zungusha injini mzunguko mmoja, halafu jaribu tena. Yatatoka mapovu, kisha mafuta bila povu, kaza. Nenda kwenye skrubu ya pampu kubwa, fanya vivyo hivyo. Mwisho legeza nati za mabomba pale yanapoingia kwenye nozeli, mara nyingi spana namba 17 hutosha, piga stata kidogo mpaka mafuta yachuruzike, kaza. Usiweke kidole mbele ya mafuta yanayoruka. Shinikizo lake hupasua ngozi na kuingia ndani, na kidonda kidogo kama cha sindano kinaweza kukupotezea mkono. Likitokea, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Hewa ikirudi kila siku, kuna mahali inapoingilia. Nilipelekewa mashua ambayo mwenyewe alikuwa ameshauziwa nozeli mbili mpya, na bado ikigoma kila asubuhi. Kosa lilikuwa mpira wa mafuta uliopasuka ufa mwembamba chini ya kibano, kabla ya pampu. Hapo mafuta huvutwa, hayasukumwi, kwa hivyo haumwagi hata tone. Unanyonya hewa tu. Mpira ule haufiki hata bei ya kibati cha chai cha wiki.

Wako wanaopulizia petroli kwenye filta ya hewa ili injini "ishtuke". Mimi sikubaliani nao. Huwaka kabla ya wakati wake, hupasua ringi za pistoni, na kama injini ina plagi za kupasha joto inaweza kulipuka usoni mwako. Injini inayotaka kushtuliwa kila siku imepungukiwa na nguvu ya kubana. Kwa ile ya silinda moja ya kuzungushwa kwa hendeli utaijua kwa mkono: valvu ikifungwa, hendeli inapaswa kukugomea. Ikipita laini, valvu au ringi zimechoka. Na ukishika hendeli, weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, maana ikirudi nyuma huvunja.

Ukitoa hewa mara mbili na bado haiwaki, mpigie fundi. Mwambie kama inazunguka, moshi ni wa rangi gani au haupo, na mafuta yanafika hadi nati ipi. Hapo atakuja na kifaa chenyewe, asije Faza mikono mitupu kisha arudi Lamu kukifuata.