Neuromancer: maoni ya wasomaji

Neuromancer ni riwaya ya kwanza ya William Gibson, mzaliwa wa Marekani anayeishi Kanada. Ilitoka mwaka 1984, ikatwaa tuzo za Hugo, Nebula na Philip K. Dick. Wasomaji wanaoisifu hutaja kasi yake na jinsi ilivyosawiri ulimwengu wa mitandao kabla intaneti haijaenea. Wengine hulalamikia kurasa za mwanzo, ambamo misamiati ya mitambo na ya mitaani humwagwa bila maelezo. Lawama hiyo ina msingi, ila ugumu huohuo ndio unaomfanya msomaji ajihisi mgeni kweli katika vichochoro vya Chiba, mji wa Japani ambako hadithi inaanzia. Mhusika mkuu Case, mdukuzi aliyeharibiwa neva, huonekana baridi; mwenzake Molly, mwenye nyembe chini ya kucha, huwavutia wengi. Wasomaji wa leo hushangaa kutokuta simu za mkononi katika riwaya hii.