Idadi ya wanafunzi na ufaulu katika skuli za msingi: namna ya kuyasoma matokeo, mfano wa Mkokotoni

Mkokotoni ni mji wa pwani ya kaskazini magharibi ya Unguja unaotazamana na kisiwa cha Tumbatu, na ndipo yalipo makao makuu ya Mkoa wa Kaskazini Unguja. Skuli za msingi za Serikali katika eneo hili hupokea watoto wa wavuvi, wakulima, wafanyabiashara wadogo na watumishi wa umma. Kila matokeo ya mitihani yanapotangazwa, skuli hupimwa kwa asilimia ya ufaulu. Asilimia hiyo hupata maana kamili pale inaposomwa pamoja na idadi ya wanafunzi na hali wanayosomea.

Ongezeko la wanafunzi

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 187,455 katika Mkoa wa Kaskazini Unguja. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 257,290, ikiwa ni ongezeko la zaidi ya asilimia 37 katika miaka kumi. Kila familia inayoongezeka huhitaji nafasi darasani, na mahitaji hayo huanza kuonekana katika madarasa ya maandalizi na Darasa la Kwanza.

Elimu bila ya malipo ilitangazwa Zanzibar mwezi Septemba 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi. Michango ya wazazi iliyoingia baadaye ilifutwa kwa skuli za msingi mwaka 2015. Sera ya Elimu ya mwaka 2006 nayo ilipanga miaka miwili ya maandalizi na miaka sita ya msingi, badala ya saba ya awali. Hatua hizo zimewafungulia mlango watoto ambao zamani wangebaki nyumbani.

Skuli inayopokea watoto wote wa mtaa wake, wakiwemo waliochelewa kuanza na wasiopitia maandalizi, haiwezi kulinganishwa moja kwa moja na skuli inayochagua wanafunzi wake.

Nafasi na muda wa kusoma

Uhaba wa vyumba vya madarasa umezifanya skuli nyingi za Zanzibar kufundisha kwa mikondo miwili, wanafunzi wengine wakiingia asubuhi na wengine mchana. Athari yake hupimika kwa hesabu nyepesi: katika kipindi cha dakika 40, darasa la wanafunzi 80 humpa kila mmoja nusu dakika ya mwalimu, na la wanafunzi 40 humpa dakika moja. Ujenzi wa skuli za ghorofa unaofanywa na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar unalenga kupunguza msongamano huo na kuwezesha wanafunzi kusoma kwa mkondo mmoja.

Mazingira ya pwani nayo yana sehemu yake. Uvuvi hufuata misimu, na wavuvi huhamia dago kwa muda. Mtoto anayefuatana na wazazi wake, au anayekwenda kusaidia pwani samaki wanapopatikana kwa wingi, hukosa masomo ambayo hayarudiwi. Kwa sababu hiyo, daftari la mahudhurio lina uzito sawa na orodha ya uandikishaji.

Mitihani na maana ya asilimia

Baraza la Mitihani la Zanzibar huendesha mitihani ya Darasa la Nne, ya mwisho wa elimu ya msingi na ya Kidato cha Pili. Matokeo ya mwisho wa elimu ya msingi hutumika pia kuchagua wanafunzi wa skuli za michepuo na vipawa. Sera ya mwaka 2006 ilielekeza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano. Chini ya utaratibu huo mtihani hupima lugha pamoja na somo lenyewe, na mtoto anayejua jibu kwa Kiswahili anaweza kukosa alama.

Mfano wa hesabu unaonesha tahadhari inayohitajika. Iwapo skuli imeandikisha wanafunzi 200, wakafanya mtihani 160 na kufaulu 128, ufaulu wa waliofanya mtihani ni asilimia 80. Kwa walioandikishwa wote, waliofaulu ni asilimia 64. Takwimu zote mbili ni sahihi, lakini ya pili ndiyo inayowakumbuka watoto 40 ambao hawakufika kwenye chumba cha mtihani.

Wasichana na wavulana

Takwimu hizo zinapaswa kutenganishwa kwa jinsia. Katika skuli za sekondari za Zanzibar, wasichana wamekuwa wengi kuliko wavulana. Dalili za wavulana kuacha masomo huanza kuonekana mapema, kwa utoro wa madarasa ya juu ya msingi, na hapo ndipo hatua huchukuliwa kwa urahisi zaidi.

Nafasi ya mzazi

Mzazi anayetaka kujua hali ya skuli ya mtoto wake anaweza kuuliza mambo manne kupitia mwalimu mkuu au Kamati ya Skuli: walioandikishwa ni wangapi, wanaohudhuria ni wangapi, waliofanya mtihani ni wangapi, na waliofaulu ni wangapi. Tofauti baina ya idadi ya kwanza na ya mwisho ndiyo inayoonesha ni watoto wangapi bado wanahitaji kufuatiliwa.