Upepo wa Mashariki na Maumivu ya Mwili katika Njia ya Tabora

Njia ya kati ya misafara ilianzia Bagamoyo, ikakata Ugogo na kufika Unyanyembe, nchi ya Tabora, mwendo wa kilomita 800 hivi. Kutoka hapo iliendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Mpagazi wa Kinyamwezi alijitwika karibu frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei, akaenda nazo miezi miwili au mitatu.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na ina msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Juni na Julai usiku huwa wa baridi na upepo wa mashariki huvuma mkavu, kisha Septemba na Oktoba jua huwa kali. Wanyamwezi waliyajua majira hayo, wakasafiri zaidi wakati wa kiangazi. Wengi walitaka kuwa nyumbani mvua za kwanza zinapodondoka, maana jembe nalo lilikuwa likiwangoja.

Wageni hawakuwa na hiari hiyo. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kazeh, kama Tabora ilivyoitwa, Novemba 1857, masika yakiwa mlangoni. Januari 1858, magharibi ya mji, miguu na mikono ya Burton iliungua kwa maumivu kisha ikafa ganzi. Alibebwa kwa machela hadi ziwani, na ilipita karibu mwaka kabla hajaweza kutembea mwendo wa maana.

Zamu ya Speke ilifika walipokuwa wakirudi pwani, miezi ya mwisho ya 1858. Burton aliandika kwamba mwenzake alizoea kupumzika akiwa na jasho, upepo wa mashariki ukimpiga. Huko Hanga alishikwa na maumivu kama ya chuma cha moto juu ya titi la kulia, yakatambaa hadi moyoni, kwenye wengu na ini, pamoja na degedege na ndoto za kutisha. Watu wa msafara hawakushangaa. Waliujua ugonjwa huo, wakiuita kichomachoma, na tiba yake walikuwa nayo: kuchoma ngozi kwa chuma, au kupaka manemane iliyosagwa na kuchanganywa na kiini cha yai. Speke alipona, ingawa si rahisi kusema ni dawa ipi iliyomponya.

Maelezo ya upepo na jasho hayakuwa ya Burton peke yake. Madaktari wa Ulaya wa zama hizo nao waliamini kwamba hewa mbaya huleta homa. Baadaye lawama ilihamia kwa wadudu. Mwaka 1897 daktari Ronald Ross aliona vimelea vya malaria ndani ya mbu. Mwaka 1905 daktari Robert Koch, akiwa katika koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, alichunguza vituo vya misafara na kukuta papasi wenye vijidudu vya homa inayorudirudi. Homa hiyo huvunja viungo, huumiza misuli na kichwa, hupoa, kisha hurejea. Papasi hujificha katika sakafu na nyufa za nyumba za udongo, na hutoka usiku. Hivyo hali ya hewa nayo haikukosa hatia kabisa: baridi au mvua ilipomsukuma msafiri alale ndani ya nyumba hizo, ilimsogeza karibu na papasi.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi katika njia hiyo ikafifia. Imani kwamba baridi huingia mwilini haikufifia, na leo inawagusa hasa wenye fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu mwili mzima, uchovu na usingizi usiotosha, ambao hausababishwi na mbu wala papasi. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2019, uliohusisha watu 2,658 wenye maumivu sugu ya aina mbalimbali, ulikuta uhusiano mdogo kati ya maumivu na unyevu hewani, upepo na kushuka kwa kanieneo. Ule wa Uholanzi wa mwaka 2013 uliwafuatilia wanawake 333 wenye fibromialjia kwa siku 28. Kwa wengi wao hali ya hewa haikueleza maumivu. Wachache miili yao iliitikia, tena si kwa namna moja.