Bunduki ya zama za KAR: jinsi ya kuitambua
Askari wa King's African Rifles, ambao batalioni yao ya 4 ilikuwa na kambi Jinja, walibeba Lee-Enfield, bunduki ya Kiingereza ipokeayo risasi 10. Anayeinunua kwa mara ya kwanza hutazama pete ya chuma iliyo nyuma ya kifyatulio. Katika aina ya zamani, upande wa kulia wa pete huwa na chapa ya taji, herufi za mfalme, kiwanda na mwaka. Nambari ya komeo isipolingana na ya mtutu, vipande vimechanganywa. Isifyatuliwe kabla ya fundi kuipima. Mkazi wa Nakaloke aliyeirithi kwa babu asidhani ukongwe wake ni kinga: Sheria ya Silaha ya 1970 yadai cheti, hata kwa kumiliki tu.