Toba Inayorudisha Deni



Wewe wa Kaaga unajua Wamethodisti walianza misheni hapo mwaka 1912. Leo nikukumbushe moto mwingine. Mwaka 1929, pale Namirembe, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, akiwa amechoka rohoni, alikutana na Mganda Simeoni Nsibambi. Wakasoma Neno, wakaomba. Uamsho ukawaka Gahini, Rwanda. Mwaka 1937 ukafika Kabete, kisha ukapanda hadi Embu na Meru.

Ndugu hao walitaja dhambi kwa jina lake. Aliyeiba alirudisha. Wamisionari wazungu waliwaomba Waafrika msamaha kwa kiburi chao. Na hawakuishia siku ya kuokoka: waliendelea kuungama katika ushirika, wakaita hiyo kutembea nuruni (1 Yohana 1:7).

Sisi je? Tunalia madhabahuni, "Bwana nisamehe," na pesa ya miraa ya ndugu yako bado unayo. Mpaka wa shamba umewanyima salamu miaka mingi.

Mpendwa, usiku huu itaje dhambi hiyo mbele za Bwana. Kesho asubuhi, mpigie simu uliyemkosea. Damu ya Yesu inatosha.

Amina.