Dari

Wamarekani wana neno lofti kwa makazi yaliyotengenezwa ndani ya kiwanda cha zamani: kimo kirefu, nguzo wazi, madirisha mapana. Wasanii wa New York walihamia viwanda vitupu vya SoHo, na mwaka 1982 jimbo likatunga sheria ya kuwalinda wakazi wa namna hiyo.

Kwa Kiswahili napendekeza dari. Wengi leo hulitumia kwa mbao au jipsamu inayoficha mapaa, lakini katika nyumba za pwani dari ni orofa ya juu pia, na anayepanda darini anakwenda kukaa, kulala, kupokea wageni. Maana hiyo ni hazina, tusiiache ipotee.

Na majengo ya kugeuzwa dari za namna hiyo hayakosekani: Kampala ina magodauni mengi katika Industrial Area, na moja lililoko Mtaa wa Tano limekuwa Design Hub, mahali pa ofisi na maonyesho. Siku magodauni kama hayo yatakapouzwa chumba kwa chumba, mnunuzi atahitaji neno jingine: kondominia. Sheria ya Uganda ya kondominia ya mwaka 2001 inampa mwenye dari hati yake mwenyewe, pamoja na fungu katika ngazi, paa na vyote vinavyotumiwa kwa pamoja. Lakini chini ya jengo kuna ardhi. Kama ni ya kukodi, dari nayo ina ukomo. Muulize muuzaji imebaki miaka mingapi, kisha uisome mwenyewe kwenye hati.