Suti ya Kaunda, vazi lililozuiwa mlangoni mwa Bunge

Mwishoni mwa Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti ya Kaunda bungeni. Mwanamume aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya kazi. Mavazi ya asili ya Kiafrika nayo yakazuiwa. Siku hizo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akiivaa suti hiyo mara kwa mara, na nguo iliyokuwa imeachiwa wazee ilikuwa imerudi mjini.

Sikukubaliana na amri ile, na bado sikubaliani nayo.

Ni kweli kwamba suti hii haikuzaliwa kwetu. Inatokana na sare za kaki za maofisa wa Kiingereza waliopelekwa nchi za joto: koti jepesi, mikono mifupi, mifuko ya kubandika. Lakini Kenneth Kaunda, aliyeiongoza Zambia tangu uhuru wa 1964 hadi 1991, aliivaa mbele ya marais wenzake miaka nenda miaka rudi, leso yake nyeupe mkononi, mpaka ikaitwa kwa jina lake. Nchi yake ilipakana na Rhodesia ya walowezi. Kuketi mezani na wakubwa wa dunia bila tai shingoni kulikuwa na maana ambayo kila Mwafrika wa wakati ule aliielewa.

Mobutu Sese Seko wa Zaire alikwenda mbali zaidi. Miaka ya 1970 alizipiga marufuku suti na tai za Kizungu, wanaume wakavaa abacost, koti la kufunga vifungo hadi karibu na shingo. Tai iliruhusiwa tena Aprili 1990, katika hotuba ileile aliyotangazia mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Hilo nalo silitetei. Anayelazimishwa kuivua tai hana uhuru kumzidi anayelazimishwa kuifunga.

Wanaosema suti ya Kaunda ni vazi la kizembe hawajamtazama fundi akiishona. Suti ya Kimagharibi ina pa kufichia kasoro: tai hufunika vifungo vya shati, bitana hushikilia kifua. Kaunda haina maficho hayo. Mfuko wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia kwa nusu sentimita tu, kila mtu anaona. Kwa hiyo fundi makini huchora mfuko mmoja kwa chaki, akakikunja kitambaa katikati ya kifua na kukigandamiza ili alama ihamie upande wa pili, ndipo akate. Kola ikikatwa vibaya, inanyanyuka shingoni na hakuna pasi itakayoilaza.

Kanuni za Kudumu za Bunge la Tanzania zimelitatua suala hili la mavazi. Zinamruhusu mbunge mwanamume kuvaa suti ya Kimagharibi, au safari suti, yaani hiyo ya Kaunda, ya rangi moja, ya mikono mirefu au mifupi, au vazi la kimwambao: kanzu, koti, kofia na makubazi. Bunge la Nairobi lingeweza kukichukua kifungu hicho kama kilivyo, likaongeza sharti moja tu: koti lipigwe pasi, na mabega yake yamkae mwenyewe.